Wimbo Usiojua Kuchoka

Muziki wa gemu hutungwa kwa ajili ya mtu ambaye mtunzi hajui ataondoka lini. Mchezaji anaweza kukwama mahali pamoja dakika mbili, anaweza kukwama alasiri nzima, na wimbo hauna budi kumngoja. Ndiyo maana unazunguka: ukifika mwisho unashika tena mwanzo, na mara ya mia unalia vilevile kama mara ya kwanza. Pita jioni kwenye vibanda vya gemu vya Tandika au Tandale, Dar es Salaam, vijana wamebanana kwenye benchi wakingoja zamu ya kushika pedi, utausikia ukitoka kwenye televisheni. Macho yote yako kwenye mechi. Wimbo unawahudumia bila wao kujua, wala hauwadai kitu.

Sasa aje mpanga muziki anayetaka wimbo huo upigwe na okestra kamili, watu themanini kwa pamoja. Jambo la kwanza linalomkabili ni kwamba wapigaji wake wanapumua. Midomo ya mpiga tarumbeta huchoka. Mpiga filimbi anahitaji mahali pa kuvuta hewa. Upinde wa fidla una urefu wake, ukifika nchani lazima urudi. Halafu kuna jambo zito zaidi: wimbo ule hauna mwisho, na watu walioko ukumbini wanatakiwa kurudi makwao. Itambidi auandikie mwisho ambao mtunzi hakuuandika.

Wengi husema okestra huupa muziki wa gemu heshima, kana kwamba ulikuwa umevaa matambara na sasa umevishwa suti. Sikubaliani nao hata kidogo. Ninavyoona mimi, okestra inauingiza wimbo miongoni mwa viumbe wanaochoka, na kuanzia hapo kila noti inamgharimu mtu fulani. Kitu kisichomgharimu yeyote kinaweza kupendeza sana, lakini ni vigumu kusema kinamaanisha nini, kwa kuwa hakuna aliyechagua kukitoa.

Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ile ambayo baadaye iliigwa kwa bei nafuu na kuuzwa karibu kila kona ya dunia, ilikuwa na njia tano tu za sauti. Mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, moja ya mchakacho uliosimama badala ya ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Mtunzi aliyetaka noti tatu zilie pamoja, huku njia moja tu ndiyo iko wazi, alizipiga moja baada ya nyingine kwa kasi hadi sikio likadanganyika kwamba zimelia pamoja. Koichi Sugiyama, ambaye kabla ya gemu alikuwa mtunzi mzoefu wa nyimbo na muziki wa televisheni, aliandika Dragon Quest mwaka 1986 ndani ya ufinyu huo, na mwaka uliofuata muziki wake ukapigwa na okestra jukwaani Tokyo.

Mpanga muziki akikutana na zile noti tatu za mbio, afanye nini? Akiwapa wapuliza ala watatu wazishike kwa pamoja, amerudisha kile ambacho mashine ilimnyima mtunzi. Lakini aliyekulia na gemu ile anapenda mtetemo wenyewe, ndio anaoukumbuka. Basi mpanga muziki lazima aamue lipi lilikuwa kusudi na lipi lilikuwa shida. Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika kazi hii, na halijibiwi kwa kanuni. Mtu yeyote aliyeishi uswahilini analijua: mambo mengi tunayoyaita desturi zetu yalianza kwa sababu hapakuwa na namna nyingine, na leo ukituondolea tutalia.

Katika historia hii Kiswahili kina nafasi yake, na si ndogo. Mwaka 2005 ilitoka gemu ya Civilization IV, na muziki wa kuifungulia uliandikwa na Mmarekani Christopher Tin, kwa kuombwa na Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu hiyo, ambaye walikaa naye chumba kimoja Chuo Kikuu cha Stanford. Wimbo wenyewe ni Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Ulilia pale mwanzo kabisa, mchezaji hajajenga hata mji mmoja. Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya katika albamu ya Calling All Dawns, na Royal Philharmonic Orchestra ya London pamoja na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Februari 2011 ukapata Grammy, tuzo ya kwanza ya aina hiyo kwa muziki uliozaliwa ndani ya gemu. Na kundi uliloshindania ni la upangaji wa ala zinazosindikiza sauti za waimbaji. Kilichotuzwa ni namna ngoma, nyuzi na shaba zinavyojua kusubiri sauti za watu.

Nimeutafakari sana wimbo huu. Mchezaji wa gemu ya aina ile hukaa peke yake saa nyingi mbele ya kioo. Sala ile, kwa upande wake, haina nafsi moja: hata aliyejifungia chumbani huisali kwa niaba ya wengi. Kwenye gemu iliwekwa imngoje mtu mmoja abonyeze kitufe. Okestra na kwaya wameirudisha kwenye mkutano.

Dar es Salaam tunajua mkutano huo unavyofanya kazi. Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama, upande wa Kinondoni, na kwaya ya AIC Chang'ombe kule Temeke ni majina tu yaliyofika mbali. Nyuma yake kuna kwaya za mitaa zisizohesabika. Mwalimu wa kwaya anaandika nota za do re mi ubaoni, anagawa sauti nne, na mara nyingi besi wanaambulia noti tatu za kurudia tangu mwanzo hadi mwisho. Mfikirie mzee mmoja wa besi, ametoka kazini, amepanda daladala kutoka Mbagala akiwa amesimama, amefika mazoezini kurudia noti zile tatu. Kwa masikio tu, anafanya kazi ambayo mashine ingeifanya. Tofauti ni kwamba yeye angeweza kutokuja.

Muziki wetu mwingine umekwenda njia ya kinyume. Taarab ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ilikua ikawa okestra hasa: safu ya fidla, kanuni, udi, nai, akodioni. Dar nako kulikuwa na klabu za Egyptian na Al-Watan. Miaka ya 1990 taarab ya kisasa iliposhika mji, kinanda kikachukua kiti cha ile safu ya fidla. Siwalaumu waliofanya hivyo. Kulisha na kusafirisha wapigaji ishirini si mchezo. Upande wa dansi, Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, tangu 1978 ilikuwa shule ya upangaji isiyo na karatasi. Mtunzi alileta maneno na sauti, kisha gitaa la solo, la pili, rithimu na besi kila moja likatafuta njia yake, saksafoni na tarumbeta zikaingia, na King Michael Enoch akipanga nani ajibu nani hadi wimbo ufike kwenye chemko. Hiyo ni kazi ileile ya Tin, imefanywa kwa masikio na subira.

Kisha ikaja singeli. Prodyuza wa Mburahati, eneo lililokuwa Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya, huchukua kipande cha kinanda cha taarab, hukizungusha, hukikimbiza kupita mapigo mia mbili kwa dakika. Ndani ya lupu hiyo kuna kinanda kinachoiga fidla, na nyuma ya fidla kuna watu waliowahi kukaa mstari mmoja. Kwa jinsi inavyozunguka bila kuchoka, singeli ni ndugu wa karibu wa muziki wa gemu kuliko muziki mwingine wowote tulio nao. Natamani kuisikia ikipigwa na okestra kamili, na nitasikitika sana wakiipunguza kasi ili ionekane ya kistaarabu. Kasi ile ni kusudi, hata kama ilianza kwa shida.

Lakini hakuna mkono mmoja utakaoiweza kwa muda mrefu. Jibu liko Buganda, kwenye amadinda, marimba ya mbao kumi na mbili. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anapiga noti zake, mwenzake anazitia za kwake katika mapengo, na msikilizaji anasikia wimbo wa kasi ambao hata mmoja wao haupigi. Mpanga muziki wa singeli angegawa lupu vivyo hivyo kati ya safu mbili za fidla: hawa wachukue noti ya kwanza, ya tatu, ya tano, wale ya pili, ya nne, ya sita. Siku za mwanzo kila safu itaona imepewa vipande visivyo na kichwa wala miguu. Mazoezi hayo yafanyike Temeke, ukumbi wowote wenye viti vya kutosha, na prodyuza aliyetengeneza lupu akae katikati ya safu hizo mbili, maana ndiye atakayetambua kabla ya mtu mwingine ni upande upi umechelewa.