Deni Letu kwa Waliotangulia

Kila tunapomzika mzee wa kanisa twasema, "Tutamkumbuka daima." Je, twamaanisha nini? Na wale waliotangulia zamani, ambao hakuna aliye hai aliyewaona, twawakumbukaje?

Tutazame Rabai, katika Kaunti ya Kilifi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya miezi michache akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianza kazi Rabai. Rebmann alidumu huko hadi 1875, akaondoka macho yake yameingia giza, na waongofu aliowaacha walikuwa wachache sana.

Hao tuliwafundisha darasani miaka mingi, na wanafunzi wakayakariri majina yao. Lakini wazee wa Rabai waliowapa wageni hao mahali pa kukaa walikuwa akina nani? Na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wakapata kimbilio kwa Padre William Jones, Mwafrika ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekombolewa utumwani? Tarehe 1 Januari 1889 mamia yao walipewa hati za uhuru pale pale Rabai. Wengi wao hawana jiwe lenye jina.

Hapa yatupasa kuungama. Palikuwa na nyanya mmoja mkongwe jirani yetu, ambaye bibi yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa. Mara mbili alituita tukaandike aliyosimuliwa. Tukamjibu, "Nyanya, acha mitihani ipite kwanza." Mitihani ikapita, ikaja mingine. Siku tuliyokwenda na daftari, tulikuta turubai uani na watu wamekaa matangani. Tulilia sana siku ile, lakini machozi hayakuturudishia hata jina moja. Majuto ni mjukuu.

Wako wasemao kwamba marehemu hawahitaji kitu kwetu, maana Mungu ayajua majina yote. Ni kweli, Mungu hahitaji daftari letu. Wenye kuhitaji ni sisi. Tukiwakumbuka wenye sifa peke yao, tutawafundisha watoto kwamba kazi ya mchota maji na mpasua kuni si kitu. Na tukisimulia mema yao tu, tukificha ugomvi wao na makosa yao, watoto watadhani kwamba kanisa lilijengwa na malaika, nao wakijiona wakosaji watakata tamaa. Kumbukumbu ya haki yahitaji mambo mawili: kutomwacha mdogo, na kutomsingizia mkubwa utakatifu asiokuwa nao.

Basi, ndugu, katika mtaa wako yuko mzee anayejua nani alitoa uwanja wa kanisa, na nani alibeba mawe. Mwendee juma hili, kabla ya mavuno, kabla ya mitihani. Chukua daftari, ukae, usikilize.