Nani Atamshika Anayetetemeka?

Hospitali ipo ili mtu apone. Jeshi lipo ili lishinde vita. Sasa hospitali ikiwa ni ya jeshi, na huko nje vita vinaendelea, daktari anamtumikia nani? Mgonjwa aliyelala kitandani, au kamanda anayesubiri askari wake arudi kwenye mstari? Ndugu msomaji, naomba tulitazame swali hili pamoja, maana wengi hulijibu harakaharaka na kwenda zao.

Kidonda cha risasi hakina ubishi. Mguu umevunjika, kila mtu anauona, daktari anaufunga. Taabu inaanza pale askari anapoletwa akiwa mzima wa mwili lakini hawezi kusimama. Miguu ipo, haitembei. Ulimi upo, hausemi. Usiku anaweweseka na kuwaita kwa majina wenzake waliokwisha kufa. Huyu naye ni mgonjwa, au ni mwoga? Na tuseme daktari mwema amekaa naye miezi mitatu, usingizi umerudi, mikono imetulia, anashika kikombe bila kumwaga chai. Siku hiyohiyo anayopona ndiyo siku anayopakiwa kwenye lori kurudishwa kulekule kulikomvunja. Je, huo ni uganga, au ni ufundi wa gereji?

Wazungu walikutana na swali hili katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Askari walirudi kutoka mahandakini wakitetemeka kama wenye homa. Mwaka 1915 daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, Charles Myers, aliandika juu ya ugonjwa huo kwa jina ambalo sisi tunaweza kuliita mshtuko wa mizinga. Lakini jeshi lilikuwa na dawa yake nyingine. Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe zaidi ya 300 kwa makosa kama utoro na woga. Walisamehewa mwaka 2006, karibu miaka 90 baadaye. Msamaha mzuri, lakini maiti haiusikii.

Hata hospitalini njia zilikuwa mbili. Huko London, daktari Lewis Yealland aliwatibu askari waliopoteza sauti kwa kuwatia umeme kooni mpaka waseme. Huko Craiglockhart, hospitali ya maofisa karibu na Edinburgh, daktari W. H. R. Rivers alifanya kinyume chake. Aliketi, akasikiliza. Aliwaambia wagonjwa wake wasijilazimishe kusahau, wayaseme yale waliyoyaona, kidogokidogo, mpaka yaweze kubebeka.

Ukiniuliza nani kati yao ni mtu mwema, sitasita. Lakini hebu tutazame mwisho wa safari. Mgonjwa wa Yealland akipata sauti anarudi jeshini. Mgonjwa wa Rivers akipata usingizi anarudi jeshini pia. Mwaka 1917 walikuwa Craiglockhart washairi wawili, Siegfried Sassoon na Wilfred Owen. Sassoon hakuletwa kwa kutetemeka. Aliletwa kwa sababu aliandika waziwazi kwamba vita vinarefushwa makusudi na wenye uwezo wa kuvimaliza. Akasema kweli, akapelekwa kwa daktari wa akili! Akazungumza na Rivers kwa miezi, kisha akakubali kurudi vitani. Alijeruhiwa kichwani mwaka 1918, akapona. Owen naye alirudi, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla ya mizinga kunyamaza.

Rivers mwenyewe hakuwa na raha. Katika kitabu chake Conflict and Dream, kilichotoka mwaka 1923 baada ya kifo chake, anasimulia ndoto yake iliyomwonyesha kwamba naye alikuwa akivutwa huku na huku na hoja za mgonjwa. Mimi namheshimu kwa hilo. Daktari wa vita asiyeota ndoto mbaya ni wa kuogopwa.

Msomaji atasema, hayo ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Vita hivyohivyo vilipiganwa hapa, Tanga, Longido, Rufiji. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na malaria, na jina la kikosi chao tunalitamka kila siku tunapokwenda sokoni Kariakoo. Hao hawakuwa na Craiglockhart. Aliyerudi kijijini akiongea peke yake aliambiwa amerogwa, yakaishia hapo.

Halafu vipo vita vya Kagera. Hapa ndipo nataka tuwe waangalifu, maana ni rahisi kusema kila askari aliyevunjika arudishwe nyumbani, basi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakaua watu, yakapora ng'ombe, na daraja la Kyaka likabomolewa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Wakakusanywa wanajeshi, mgambo, polisi, vijana wa JKT. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Sasa wewe ungekuwa daktari wa jeshi pale, na askari wako ametulia, na ng'ambo ya mto kuna wanavijiji wanaomngoja, ungemwambia abaki? Na yeye mwenyewe akisema, "Daktari, niache niende, wenzangu wako kule," ungemfungia mlango? Sassoon alirudi kwa sababu kama hiyo: hakuweza kuwaacha watu wake. Kumnyima mtu uamuzi huo kwa jina la huruma nako ni kumfanya mtoto.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema daktari anayemrudisha askari vitani daima ni msaliti. Wala sikubaliani na wanaosema eti kazi ya daktari ni kutibu tu, mengine ayaachie wakubwa. Naona kipo kipimo kingine, na nimekipata hukuhuku kwetu.

Huku Nainokanoka, chini ya mlima Olmoti, mzee yeyote atakueleza habari za orpul. Morani huingia msituni, huchinja, hula nyama na kunywa supu iliyochemshwa kwa magome na mizizi. Mojawapo ni olkiloriti, ambayo husemwa kwamba inatia ukali na kuondoa hofu. Na morani hutetemeka. Mgeni akiona kijana mrefu mwenye nguvu anatikisika mwili mzima, anakoroma, macho hayaoni mtu, atadhani ni kifafa. Kwetu kutetemeka huko si aibu. Ni dalili kwamba moyo umejaa kuliko mwili unavyoweza kubeba. Wenzake wa rika hawamcheki wala hawamwachi. Wanamshika, wawili, watatu, asijiumize, mpaka imtoke.

Sisemi mila zetu hazina doa. Supu hiyohiyo ilinywewa na waliokwenda kuteka ng'ombe za watu. Lakini nataka uone jambo moja: waliomnywesha ujasiri ndio hao hao wanaomshika anapotetemeka. Na hawaulizi kwanza kama kesho atafaa kwa kazi.

Basi kipimo changu ni hiki. Daktari wa hospitali ya jeshi ajiulize mbele ya kila kitanda: je, ningemtibu mtu huyu hivihivi kama vita vingekuwa vimekwisha jana? Kama jibu ni ndiyo, anamtibu mtu, hata kama kesho mtu huyo atachagua kurudi. Kama jibu ni hapana, anatengeneza bunduki yenye miguu. Umeme wa Yealland unaanguka papo hapo kwenye mtihani huu, maana nani angemtia mkulima umeme kooni ili tu awahi gwaride? Masikio ya Rivers yanapita, ingawa kwa taabu, na ile ndoto yake ni ushahidi wa taabu hiyo.

Na kipimo hiki hakimwachi daktari peke yake. Kinatugeukia sisi raia. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979. Waliokufa tuna makaburi yao Kaboya, Muleba, na kila mwaka tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa. Vizuri. Lakini aliyerudi na miguu yote miwili na macho yote mawili, ambaye mlango ukibamizwa analala kifudifudi, tulimwitaje? Tulimwita mlevi. Tulimwita mkali kwa mkewe. Watoto wakamtania kwamba wa Mirembe huyo, kwa jina la ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, ambalo tumeligeuza tusi. Na ajabu ni kwamba kwa Kiganda, lugha ya nchi alikokwenda kupigana, neno mirembe maana yake ni amani.

Na bado tunawatuma. Tangu mwaka 2013 vijana wetu wamekuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo. Desemba 2017 zaidi ya kumi waliuawa kwenye kambi yao huko Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini. Taifa liliwalilia. Ila waliokuwa kambini humohumo wakanusurika, nao wana usiku wao. Usiku huo hauna bendera wala tarumbeta.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli kwa koleo, mhunzi atatafuta lingine. Mtu si koleo. Sisi tuliomwimbia alipoondoka, tuliompigia vigelegele, tumemnywesha supu yetu. Akirudi anatetemeka, tusimwulize kama anafaa tena kwa kazi, wala tusingoje daktari peke yake. Tumshike mpaka imtoke. Kama hatuko tayari kumshika, basi tusiwe wepesi wa kumwimbia anapoondoka.