Ajali Haina Kinga?

Kwenye misiba ya barabarani, maneno matatu hayakosekani: ajali haina kinga. Husemwa kwa sauti ya chini, aghalabu na mzee aliyekaa jamvini, na kusudi lake ni jema. Yanamwondolea mfiwa mateso ya kujiuliza ingekuwaje kama marehemu angechelewa kutoka nyumbani dakika mbili. Lakini maneno hayo hayo husikika pia dukani, mbele ya kaunta ya spea, kabla ya msiba wowote, kinywani mwa mtu anayetaka pedi za breki za bei ya kutupa. Hapo faraja imegeuka ruhusa.

Swali lililojificha humo ni kongwe kuliko gari lenyewe: ikiwa kila jambo limekadiriwa na Mungu, mwenye gari anawajibika kwa lipi?

Tuwaweke madereva wawili Gerezani, Dar es Salaam, mahali ambapo maduka ya spea yamebanana mlango kwa mlango. Wote wana Toyota IST, wote wamefika kaunta moja asubuhi moja. Muuzaji anauliza, "Kaka, nikupe OG au ya kawaida?" Wote wanajua kwamba "ya kawaida" ni jina la adabu la feki, na wote wanaichukua. Miezi miwili baadaye, mmoja anakanyaga breki kwenye kivuko cha Mbagala, mtoto wa shule akiwa katikati ya barabara, na gari linachelewa kusimama. Mwenzake hakukutana na mtoto. Mbele ya majirani, wa kwanza sasa ana damu mikononi, na wa pili ni baba anayejua kubana matumizi. Je, walifanya makosa mawili tofauti, au kosa moja?

Mwanafalsafa wa Marekani Thomas Nagel alilishika swali hili katika insha yake ya bahati na maadili, iliyomo ndani ya kitabu chake Mortal Questions cha mwaka 1979. Miongoni mwa mifano yake yumo dereva wa lori ambaye breki zake hazikuwa zimekaguliwa, akamgonga mtoto. Nagel aliona jambo linalosumbua: uzembe wa dereva huyo usingekuwa mkubwa zaidi wala mdogo zaidi kama mtoto asingetokea, ila lawama yake ingekuwa ndogo mno. Sehemu kubwa ya lawama tunayompa mtu imejengwa juu ya jambo ambalo hakulichagua.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulijibu swali hilo bila kwenda mbali, kwa sababu dini zinazofuatwa na wengi katika ukanda huu zililijadili zamani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinaeleza habari ya ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe. Ikiwa ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Ikiwa alikuwa na tabia hiyo tangu hapo, na mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumfunga, hatia inamwangukia na yeye. Mstari wa hukumu umepita kwenye onyo.

Gari nalo huonya. Pedi nyingi za diski zimefungwa kijibati chembamba ambacho, unene wa pedi ukishapungua sana, hugusa diski na kutoa mlio mkali wa chuma. Pedi mpya kwa kawaida huwa na unene wa milimita 10 hivi. Mafundi wengi hushauri ibadilishwe inapobaki milimita 3. Dereva anayeongeza sauti ya redio ili asiusikie mlio ule ameshaonywa kama mwenye ng'ombe.

Je, asiyejua afanyeje? Utetezi wa kutojua una nguvu, lakini si mkubwa kama unavyodhaniwa. Kwenye ukingo wa pedi nyingi pamechapwa mfululizo wa herufi na namba, na mwishoni huwa na herufi mbili kama FF au GG. Ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida, ya pili katika joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye F mwanzoni na E mwishoni hushika vizuri asubuhi ikiwa baridi, kisha hulegea inapochemka. Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa nayo inadai uwezo wa pedi mbadala wa kusimamisha gari usitofautiane na wa ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15, na iliyoidhinishwa hupewa alama ya E ndani ya duara. Feki inaweza kuigiza herufi, ndiyo sababu muuzaji anayejulikana na boksi lisilofunguliwa vina thamani.

Joto si neno la kitabuni. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na abiria, likisimama kutoka kilomita 60 kwa saa, linageuza mwendo wake kuwa joto la kutosha kuchemsha nusu lita ya maji ya chai. Kutoka kilomita 120, joto hilo ni mara nne: lita mbili. Anayeteremka mlima Kitonga, Iringa, huku mguu ukiwa juu ya breki badala ya kushusha gia, anachemsha sufuria baada ya sufuria, bila kituo.

Hapo ndipo neno tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, linapopimwa. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inasimulia mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache huru na kumtegemea. Aliambiwa afunge, kisha ategemee. Imamu Ghazali alilifafanua zaidi: mwenye njaa aliyewekewa chakula, akakataa kunyoosha mkono akisubiri Mungu amlishe, huyo amechanganyikiwa, hana tawakkul. Kwa kipimo hicho, dua ya safari iliyobandikwa kwenye kioo cha gari lenye pedi zilizoisha ni ngamia asiyefungwa.

Hatia, basi, ya wale madereva wawili ni moja, na ilitimia pale kaunta. Kilichotokea Mbagala ni msiba, na msiba huo umo katika elimu ya Mungu. Lakini uamuzi wa kuweka akiba ndogo juu ya uhai wa mtoto wasiyemjua walikuwa nao wote wawili mfukoni walipotoka dukani. Aliyesalimika ana deni la shukrani na deni la toba, na bado ana nafasi ya kurudi dukani.

Deni hilo halimhusu mnunuzi peke yake. Mtume alipopita sokoni alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta limelowa chini huku juu likiwa kavu, akamkana mwenye kudanganya. Boksi lenye jina la kiwanda kikubwa na ndani yake feki ni rundo lile lile. Tena kuna fundi, anayepuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa bila barakoa. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayosababisha saratani ya mapafu, na ambayo Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mwaka 2005. Anayechagua pedi isiyo na asbesto amemkinga pia mtu aliyepiga magoti kando ya tairi lake.

Anayesoma haya na gari lake limeanza kulia kila linaposimama, alipeleke gereji wiki hii. Aombe kuliona boksi, asome ukingo wa pedi, na asikubali kubadilishiwa upande mmoja tu. Kabla hajaondoka, fundi akanyage pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa kuwa pistoni zikisharudishwa ndani, mkanyago wa kwanza huzama hadi chini. Kilomita za mwanzo aendeshe taratibu na kusimama kwa upole mara nyingi, pedi na diski zizoeane.