Macho, Ulimi na Kicheko: Suala la Haki katika Hukumu za Wasomaji juu ya Shujaa Mnene wa Riwaya Chekeshi ya Mapenzi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali la kimaadili ambalo ni rahisi kulipita kwa kulidhania dogo. Msomaji anayecheka asomapo visa vya mwanamke mnene aliyefanywa shujaa wa riwaya ya mapenzi, je, anamtendea haki mwanamke huyo au anamdhulumu?

Pingamizi la kwanza linajitokeza lenyewe. Mhusika wa riwaya ni wino na karatasi. Haoni haya wala hakondi kwa masimango. Atadhulumiwaje? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu iwapo mwili anaopewa mhusika ungekuwa wake peke yake. Lakini unene wa shujaa wa riwaya ni unene wa wanawake walio hai, na mzaha uliozoeleka kitabuni huazimwa kwa urahisi barazani, sokoni na darasani. Msomaji akifunga kitabu hubaki na jicho alilofunzwa kulitumia. Swali la haki, basi, linahusu jicho hilo.

Swali hili litatazamwa kutokea Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa. Hapo pana mnara mkongwe wa mawe ya matumbawe, kando ya magofu ya msikiti, ambako watu wamekuwa wakipeleka ubani, marashi na haja za nyoyo zao. Si mbali na mnara huo lipo gati ambapo meli hupakua shehena za ng'ambo. Msomaji wa mahali kama hapa husoma riwaya iliyotoka mbali akiwa na mizani aliyoirithi nyumbani. Kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, aliyeweka msingi wa nadharia ya upokezi katika mhadhara wake wa 1967, msomaji huyo ana upeo wake wa matarajio. Hoja ya makala haya ni kwamba mizani zote mbili, ya nyumbani na ya ng'ambo, zina kasoro moja ya kimaadili, na kwamba kasoro hiyo hudhihirika zaidi katika kicheko.

2.0 Kicheko na Maadili

Wanafalsafa wamekihukumu kicheko kwa namna mbili kuu. Henri Bergson, katika Le Rire (1900), alishikilia kuwa kicheko huhitaji moyo ufe ganzi kwa muda: anayemhurumia aliyeteleza hawezi kumcheka papo hapo. Mikhail Bakhtin, katika utafiti wake juu ya Rabelais uliochapishwa 1965, alikiona kicheko cha umma kuwa chenye kumjumuisha hata anayecheka. Mwili mkubwa, unaokula na kuzaa, ni mwili wa watu wote, na kuucheka ni kuusherehekea. Kwa Bergson, anayecheka yuko nje ya anachokicheka. Kwa Bakhtin, yumo ndani.

Utamaduni wa Waswahili haukungoja nadharia hizi ili ulitafakari jambo lenyewe. Aya ya 11 ya Sura ya Al-Hujurat inakataza watu kuwadhihaki wenzao, kisha inawataja wanawake mbali na kuwakataza kuwadhihaki wanawake wenziwao, kwa sababu huenda anayedhihakiwa akawa bora kuliko anayedhihaki. Aya hiyo hiyo inakataza watu kuitana kwa lakabu mbaya. Nayo methali isemayo mcheka kilema hafi bila kumfika inatoa onyo lenye msingi mwingine: mwili wa mwenzio leo waweza kuwa wako kesho. Mafunzo haya mawili hayafanani kabisa. La kwanza lajengwa juu ya heshima ya anayechekwa, la pili juu ya hofu ya anayecheka. Linalohusu makala haya zaidi ni la kwanza, kwa sababu halishughuliki na kasoro ya mwili hata kidogo. Linashughulika na kiburi cha mtazamaji anayedhani kuwa amekwisha kumjua mtu kwa kumtazama.

3.0 Mizani ya Pwani

Yaelekea msomaji wa Mombasa angejibu kwamba tatizo la unene si lake. Lugha yenyewe ni shahidi. Mtu aliyekonda huulizwa ana nini. Aliyenawiri huambiwa kuwa raha imemkaa. Kuwanda kulikuwa dalili ya neema, na mwanamke mwenye mwili alihesabiwa kuwa mwenye haiba. Utumbuizo wa Mwana Manga, unaohusishwa na Fumo Liyongo, ni mfano wa kale wa sanaa ya kumsifu mwanamke kiungo kwa kiungo. Mwana Kupona, katika utendi wake wa 1858, anamuusia binti yake namna ya kujipamba ili apendeze machoni pa mumewe.

Kwa mizani hii, riwaya ya kigeni yenye shujaa anayelia kwa sababu ya nyonga zake huweza kuonekana kichekesho kwa sababu ambayo mtunzi hakuikusudia: msomaji humcheka kwa kulilia neema. Hata hivyo, itakuwa haraka mno kuhitimisha kwamba pwani imekwisha kumtendea haki mwanamke mnene. Sifa nayo ni hukumu. Katika harusi za pwani, bibi arusi aliyepambwa huketishwa juu ya jukwaa mbele ya wanawake waliokuja kumtazama. Hutakiwa atulie na ainamishe macho. Waliohudhuria humpima ngozi, nywele, hina na umbo. Wakimsifu, wamemsifu mtu ambaye kwa muda huo hana ruhusa ya kuwatazama wala kuwajibu. Macho hayana pazia, wasema Waswahili, na hapa macho yote ni ya upande mmoja.

Haifuati kwamba ada hiyo ni dhuluma. Ina furaha yake na heshima yake, na bibi arusi wa leo ni mtazamaji wa kesho. Inaonyesha tu kuwa kusifiwa umbo na kukashifiwa umbo vyaweza kutoka katika jicho lile lile. Msomaji anayempenda shujaa mnene kwa kuwa yu mnene hajaondoka mahali aliposimama yule anayemchukia kwa sababu hiyo hiyo.

4.0 Ulimi wa Anayechekwa: Kisa cha Siti binti Saad

Upo mfano mashuhuri wa mwanamke wa pwani aliyechekwa hadharani kwa ajili ya sura yake naye akageuza mambo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880 na kufariki 1950, aliuza vyungu mjini kabla ya kuwa mwimbaji mkuu wa taarab wa zama zake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumdhihaki kwa asili yake ya shamba na kwa kukosa uzuri. Siti alijibu kwa wimbo uliohamisha kipimo kutoka kwenye sura na nasaba hadi kwenye akili. Shaaban Robert, katika wasifu alioandika juu yake, hakujaribu kumpamba kwa uzuri asiokuwa nao. Alikubali kwamba hakujaaliwa sura, akamsifu kwa kipawa na tabia.

Ingawa dhihaka hiyo ilihusu sura na asili badala ya unene, funzo lake lagusa kiini cha mada hii. Siti hakudai kwamba yeye ni mzuri. Angedai hivyo, angekuwa ameikubali mahakama ya wapinzani wake na kuiomba ipunguze adhabu tu. Alichokifanya ni kuitoa kesi katika mahakama hiyo.

Mombasa nayo ina historia ya aina hii. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za kuumbuana. Kicheko cha lelemama kilikuwa kikali na kiliumiza. Lakini kilikuwa na sharti moja lililo muhimu kimaadili: aliyechekwa alikuwa na chama chake, ngoma yake na zamu yake ya kujibu. Leso hufanya kazi hiyo hiyo kwa utulivu. Tangu kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, inayojulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, ianzishwe Mombasa mwaka 1887, wanawake wengi wamejifunga jina la leso kiunoni, penye mwili ule ule unaotazamwa, na kumjibu mtazamaji bila kufungua kinywa.

5.0 Macho ya Anayechekwa: Riwaya Mbili

Riwaya chekeshi ya mapenzi iliyovuma zaidi mwishoni mwa karne ya 20 ni Bridget Jones's Diary (1996) ya Helen Fielding, iliyoanza kama safu ya gazeti nchini Uingereza mwaka 1995. Shujaa wake huanza maingizo ya shajara yake kwa kutaja uzito wake. Kinaya ni kwamba katika ingizo la kwanza uzito huo haufiki kilo 60: huyu si mnene hata kidogo. Bridget ana ulimi. Yeye ndiye msimulizi, na hujicheka kabla hajachekwa. Lakini macho anayojitazamia ni ya kuazima. Ni macho ya majarida, ya mizani ya bafuni na ya wanaume anaotaka wampende. Hapa ndipo unapoonekana upungufu wa hoja isemayo kwamba kujicheka mwenyewe hakuna ubaya. Anayejidhihaki kwa jicho la mwingine amemfanyia mwingine kazi yake.

Mfano wa pili ni The No. 1 Ladies' Detective Agency (1998) ya Alexander McCall Smith, ambayo mandhari yake ni Botswana. Precious Ramotswe ni mwanamke mnene anayeuona unene wake kuwa umbo la jadi, wala hana nia ya kuuomba radhi. Riwaya husimuliwa kwa sehemu kubwa katika nafsi ya tatu, na mtunzi ni mwanamume Mzungu. Msomaji ana haki ya kuuliza ni nani hasa anayechekeshwa na nani anayechekesha. Hata hivyo, kazi ya Ramotswe ni upelelezi, yaani kutazama. Yeye huwasoma waongo, waume wazinifu na wezi, na mara nyingi kicheko huzaliwa kwa sababu ameona walichodhani hakionekani. Amewahi kuolewa na mwanamume aliyempiga. Anajua thamani ya jicho lake. Bwana J.L.B. Matekoni anapomposa mara ya kwanza, humkatalia. Humkubali baadaye, mwishoni mwa riwaya, kwa wakati wake mwenyewe.

Tofauti ya riwaya hizi mbili haimo katika kilo. Bridget ana ulimi bila macho. Ramotswe ana macho, ingawa ulimi wa simulizi si wake.

6.0 Hukumu za Wasomaji

Hukumu ambazo wasomaji hutoa juu ya mashujaa wa aina hii zaweza kugawanywa katika mafungu manne. Wa kwanza husema, huyu ni kama sisi, na humpenda kwa kujiona ndani yake. Wa pili hulalama kuwa mtunzi amemfanya kichekesho. Wa tatu huogopa kwamba riwaya inausifu unene na kusahau maradhi ya sukari na shinikizo la damu. Wa nne huuliza kwa nini lazima mwanamume atokee mwishoni ili kuthibitisha kuwa mwanamke huyo anapendeka.

Fungu la kwanza halistahili kudharauliwa. Janice Radway, katika Reading the Romance (1984), alionyesha kuwa kwa wanawake aliowachunguza Marekani, tendo lenyewe la kusoma lilikuwa njia ya kujitengea saa moja mbali na madai ya nyumba. Lakini kujiona kitabuni si sawa na kumwona mwingine. Fungu la pili lina dukuduku la haki, ila mara nyingi hudai shujaa asichekwe kabisa, na kumfanya mtu asiyeweza kufanyiwa mzaha ni kumtenga na jamii ya wanaotaniana. Fungu la tatu lina ukweli wa kitabibu, nao hauna budi kusemwa mahali pake. Hata hivyo, shujaa mlevi au mvuta sigara hadaiwi cheti cha daktari kabla ya kupendwa. Fungu la nne ndilo lenye uzito mkubwa kifalsafa, kwa sababu linaigusa kanuni ya utanzu wenyewe. Iwapo mwisho wa furaha ni jicho la mwanamume lililoridhika, basi kicheko chote kilichotangulia kilikuwa kesi, na ndoa ni hati ya kuachiliwa huru.

Swali hili linairudia riwaya ya Kiswahili pia. Rosa katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi na Maimuna katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ni wanawake ambao miili yao imebeba simulizi nzima, na kwa Maimuna kupotea kwa uzuri ni sehemu ya adhabu. Watunzi hawa waliwahurumia wahusika wao na kuishutumu jamii iliyowaangamiza. Lakini huruma nayo hutazama kutoka juu. Katika kazi hizi mwanamke analiliwa zaidi kuliko anavyopewa nafasi ya kucheka, ilhali katika vugo, taarab na leso mwanamke huyo huyo hucheka sana, na mara nyingi wa kwanza kuchekwa ni anayemtazama.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba haki ya shujaa mnene haipatikani kwa kumsifu badala ya kumkashifu, wala kwa kumkinga na kicheko. Hupatikana pale anapokuwa na macho yake na ulimi wake, hivi kwamba anayemcheka ajue kuwa naye anaonekana na huenda akajibiwa. Kipimo hiki chaweza kutumiwa na mhakiki kwa urahisi: achukue mzaha wowote juu ya mwili wa mhusika, kisha aulize kama mzaha huo ungesimama iwapo mhusika mwenyewe angekuwa barazani, ana zamu ya kusema. Mzaha wa lelemama ungesimama, japo kwa gharama. Mizaha mingi ya Bridget ingesimama pia, ila angeisema yeye mwenyewe, na hilo ndilo la kusikitisha.

Kwa mwalimu wa fasihi, natija yake ni ya kiutendaji. Wanafunzi wanapoulizwa wamempenda au wamemchukia mhusika, wanafunzwa kukaa mbele ya jukwaa la bibi arusi na kutoa alama. Yafaa pia waulizwe mhusika huyo anaona nini anapowatazama wao.