Chumvi na Chungu: Fikra Juu ya Msaada wa Elimu ya Kompyuta

Mfadhili atoapo fedha ili elimu ya kompyuta ienee katika shule, ni nani hasa aliyepewa? Jibu jepesi ni kwamba imepewa shule. Lakini shule ni kuta na paa. Wanaojifunza ni watoto, na hali za watoto hazilingani. Hivyo swali la fedha hugeuka mara moja kuwa swali la haki.

Natuanze na nchi isiyopungukiwa na mashine, ili umaskini usitufiche jambo lenyewe. Huko Los Angeles, Marekani, mtafiti Jane Margolis na wenzake walichunguza shule tatu za sekondari, wakachapisha kitabu chao mwaka 2008. Katika shule iliyojaa watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kompyuta zilikuwapo, bali zilifundishiwa kazi ndogo ndogo kama kuchapa. Hata katika shule ya mtaa wa matajiri, yenye masomo ya juu zaidi, wanafunzi weusi na wasichana walikuwa wachache darasani. Mashine zilifika, elimu haikufika. Ndipo, kwa ruzuku ya Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo, likatungwa somo jipya la utangulizi, na walimu wakafunzwa namna ya kulifundisha kwa kila mtoto.

Sisi Watanzania hatuwezi kulitafakari jambo hili pasipo kulikumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoonya kwamba zawadi na mikopo huweza kuuhatarisha uhuru wetu. Mwaka 1974 Serikali ilikataza hata kuingiza kompyuta nchini, katazo lililoondolewa baadaye. Wapo wanaolicheka leo. Mimi silicheki, kwa maana mashine inayoletwa na mgeni, ikaendeshwa na mgeni na kutengenezwa na mgeni, ni mzigo hata ikiwa ya bure. Lakini wazee walisema, mwomba chumvi huombea chungu chake. Hapana aibu kuomba chumvi. Aibu ni kuiomba bila kujua chunguni mna nini.

Chunguni mwetu wamo watoto wasioona. Katika Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, husoma pamoja na wenzao wanaoona. Mtoto wa namna hiyo ukimketisha mbele ya kioo cha kompyuta, umemketisha mbele ya ukuta, isipokuwa iwepo programu ya kumsomea maandishi kwa sauti. Kwa muda mrefu programu hizo ziliuzwa ghali mno. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuunda programu iitwayo NVDA. Mwenzake James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye. Wakfu wa Mozilla uliwapa fedha za kuiendeleza kazi hiyo. Programu hiyo hutolewa bure hadi leo, na husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya bati. Fedha ile iliwawezesha watu wanaoijua shida kwa kuiishi, na matunda yake yakawafikia wasioona wa mbali ambao mfadhili hakuwahi kuwaona.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi ataniuliza: je, ni haki kutumia saa nzima kwa mmoja? Swali hilo ni zito, na asiyepata kusimama darasani asilidharau. Hata hivyo, katika nyumba zetu mama hampakulii mgonjwa na mzima sawasawa, wala ndugu hawanung'uniki. Usawa wa kugawa vijiko tumekwisha kuukataa sisi wenyewe, jikoni mwetu.

Linalonitia hofu zaidi ni hesabu. Mfadhili hutaka kujua wasichana ni wangapi, walemavu ni wangapi. Na ana haki ya kuuliza. Lakini mtoto anayeitwa siku ya wageni ili apigwe picha mbele ya kompyuta, kisha asiiguse tena hadi ziara nyingine, ametumiwa kama pambo la taarifa.

Kwa hiyo, shule inapoandika barua ya maombi, kabla ya kutaja idadi ya mashine, ningetaka iandikwe ni nani atakayeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta, na kitafunguliwa saa ngapi. Msichana ambaye kila jioni huwahi kisimani hawezi kukifaidi chumba kinachofunguliwa jioni.