Amana ya Aliyegeuka Kutazama Mlango

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao.

 Ama baada ya hayo:

Likizo iliyopita nilipata kibarua cha ukalimani Busia, upande wa Uganda. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa akikusanya habari za sonona, yaani huzuni nzito isiyomwachia mtu nafasi, kwa wanawake wanaochuuza bidhaa kuvuka mpaka. Alitumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa linalojulikana dunia nzima. Linauliza hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, uchovu, kukata tamaa. Swali la tisa linauliza kama mtu amejiwa na fikra kwamba heri afe, au ajidhuru.

Mama mmoja alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akajibu, "Ndiyo." Baada ya neno hilo aligeuza shingo akatazama mlangoni.

Pale pale nikakumbuka somo la darasani. Amepokea Jabir bin Abdillah (R.A.), ikatolewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mtu akisema jambo kisha akageuka kutazama, maneno yake huwa ni amana. Hakuhitaji kutuambia tufiche. Shingo yake ilitosha.

Nililijua somo, na bado nikaikhini amana. Usiku ule bwenini niliwasimulia wenzangu kazi ya mchana. Jina sikulitaja. Nilitaja mambo matatu tu juu yake, ambayo sitayarudia hapa. Mwenzetu mmoja akauliza, "Huyo si mama yake fulani?" Alikuwa ndiye.

Kuanika dhambi hadharani si katika mafundisho yetu, na mimi nisingetaka kuanika yangu. Nimeisema kwa sababu wengi wetu tunaandika tasnifu, na afya ya akili ni mada inayopendwa sasa. Mtego niliouangukia unawangoja wengine.

Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba kufuta jina kunatosha. Katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Tororo, Waislamu ni wachache na tunajuana. Ukiandika "mjane, umri fulani, anauza kitu fulani, anasali msikiti fulani," umeshamtaja. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah anatukataza kupelelezana na kusengenyana, akafananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja hali sita zinazoruhusu kusema la mtu asilolipenda, kama vile kutafuta haki, kuomba fatwa na kuonya. Zote zinafungwa na haja. Kwa uelewa wangu wa mwanafunzi, utafiti unaoleta manufaa ya kweli unaweza kupimwa kwa mizani hiyo: sema kinachohitajiwa na elimu, ukome hapo. Kuburudisha bweni hakumo katika zile sita.

Mtego wa pili ni ridhaa. Watu wa mpaka huu wamewazoea watafiti. Busia ya Kenya ndiko ulikofanyika ule utafiti maarufu wa dawa za minyoo kwa watoto wa shule, ulioanza 1998, wa Edward Miguel na Michael Kremer. Kremer alikuwa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019. Tororo nayo imekuwa kituo cha utafiti wa malaria kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akiona dodoso na kitambulisho shingoni, hutarajia kwamba nyuma yake kuna dawa au msaada. Akitia sahihi kwa matarajio hayo, na wewe ukajua, ukanyamaza, umemghuri. Mweleze kwa lugha anayoiota usiku kwamba anaweza kukataa, na kwamba hatapoteza kitu.

Mtego wa tatu ni kuuliza bila kuwa na la kufanya. Aliyekuja na swali la minyoo alikuwa na kidonge. Sisi tulikuwa na nini baada ya ile "ndiyo"? Mama yule alipewa asante na sabuni mbili, tukahamia kwa mwenzake. Ndugu zangu, kama huna mhudumu wa afya aliyekubali kumpokea siku hiyo hiyo, swali la tisa usilishike mkononi.

Hapa mpakani kuna jambo jingine. Kila nchi ina kibali chake: Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, Kenya ni NACOSTI, na kamati za maadili ziko pande zote mbili. Nchi zote mbili zilipitisha sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachomhukumu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba, wakati sheria ya jinai ya Uganda imeendelea kulihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Jibu lile lile, kwa mtu anayevuka mpaka mara tatu kwa siku, lina hatari mbili tofauti. Karatasi yako inaweza kumfikisha mtu pabaya.

Mtego wa nne uko katika kuchapisha. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, aliisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Alitegemea sana wagonjwa waliofika hospitalini, akawahukumia watu wa bara zima, na alifikia kumlinganisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ikachapisha kijitabu chake juu ya Mau Mau, na kilio cha ardhi kikafunikwa kwa maneno ya maradhi ya nafsi. Aya ya 6 ya Hujurat inatuamrisha tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Maulamaa wa hadithi walimwacha mpokezi aliyethibitika kuzua. Anayejaza madodoso chini ya mwembe bila kumwona mtu, au anayeficha matokeo yasiyompendeza msimamizi wake, anajenga elimu juu ya mpokezi wa namna hiyo.

Nirudi kwa mama yetu. Nilimwendea ustadhi wangu. Akanieleza kwamba wapo wanazuoni wanaosema: uliyemsengenya akiwa hajasikia, muombee dua, useme mema yake pale ulipomsema, usimwongezee huzuni. "Lakini maneno yako yameshaanza kutembea," akasema. "Nenda."

Nilikwenda Ijumaa iliyofuata. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwomba radhi. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, ninyi huwa hamrudi." Nikamwomba ruhusa ya kumleta dada mmoja, mhudumu wa afya, nikamwomba pia ruhusa ya kuandika haya machache. Alivyonijibu kuhusu radhi, na yaliyofuata baada ya hapo, ni yake. Siyaandiki.

Ndugu yangu, kabla ya kupeleka tasnifu kwa msimamizi, isome kama mtu wa mtaani kwao anayemtafuta nani amesema nini. Ukimpata, futa. Kisha jiulize kama waliokujibu watayasikia matokeo kutoka kwako. Siku ya Kiyama, kama inavyotufundisha Suratul Israa, aya ya 36, masikio, macho na moyo vitaulizwa. Masikio yangu yana swali lake tayari.

Ee Allah, waponye wenye huzuni katika miji yetu, uwasitiri, na utujaalie tuwe watu wa kuaminiwa na siri zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.