Plasta Inayojifanya Jiwe

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huu unalifaa jumba la sinema la Granada, Tooting, kusini mwa London, lililofunguliwa mwaka 1931. Uso wake, uliosanifiwa na Cecil Masey, una nguzo tulivu za mtindo wa Kiitalia. Ndani, Theodore Komisarjevsky, mwongozaji wa tamthilia wa Kirusi aliyezaliwa Venice, aliweka matao ya Kigothi na ukumbi wa vioo, akapamba hadi darini.

Falsafa yake ilikuwa wazi: mfanyakazi mwenye tiketi ya bei ndogo anastahili kuketi katika fahari ya kifalme, na humo ajione sawa na yeyote. Lakini sehemu kubwa ya fahari ile ni plasta iliyotengenezwa ifanane na mawe. Nje, mdororo wa uchumi ulikuwa umewabana watu. Je, chumba cha namna hii humheshimu maskini, au humhadaa?

Nyumba za waungwana wa Lamu za karne ya 18 zinasaidia kujibu. Humo uzuri huongezeka kadiri mtu anavyozidi kuingia, hadi chumba kiitwacho ndani, penye safu za zidaka za plasta ya chokaa. Hakuna anayeziita zidaka uongo kwa kuwa hazikuchongwa katika marumaru. Ila uzuri ule ulikuwa na mipaka: wageni wengi waliishia dakani. Komisarjevsky aliuchukua uzuri wa ndani kabisa, akamfungulia mpita njia.

Basi plasta haina kosa. Uongo mzito zaidi ni ule unaomwaminisha mtu kwamba uzuri si wa daraja lake.

Hata hivyo, fahari ya saa mbili haishibishi, na mwenye nguvu aweza kuitumia kuwalaza walalamikaji. Hilo ni kweli. Lakini aliyewahi kuketi mahali pazuri huondoka na kipimo cha kukihukumia chumba chenye unyevu anachopangishwa. Uzuri haushiki nafasi ya haki. Humkumbusha mtu ukubwa wa anachodaiwa.

Sinema ilifungwa mwaka 1973, na mwaka 1976 jumba likageuzwa la bingo. Mwaka 2000 lilipewa daraja la juu kabisa la hifadhi nchini Uingereza. Sheria sasa inalinda plasta ile kama inavyolinda mawe ya makanisa makuu.